Majibu ya kipimo yapo, mwenyewe hayupo: kansa ya mlango wa kizazi na safari ya pili

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kisenyi, kile kitongoji cha katikati ya Kampala ambako Kiganda, Kisomali na Kiswahili vinasikika katika kibaraza kimoja. Wanawake 500 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Wa kundi la kwanza walifuatwa majumbani na makazini, kila mmoja akapewa kijiti ajichukulie sampuli mwenyewe kwa ajili ya kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi. Wa kundi la pili waliambiwa waende kituo cha afya cha hapo hapo wakaangaliwe kwa siki, yaani mlango wa kizazi upakwe asidi ya siki na nesi atazame kama pana weupe. Katika kundi la kwanza wanawake 248 walitoa sampuli, yaani asilimia 99.2. Katika la pili walifika 121, asilimia 48.4.

Wengi wakifika hapo hufunga ripoti na kwenda kuomba fedha za vijiti. Mistari inayofuata ndiyo yenye kazi. Kati ya wale 248, wanawake 73 walikutwa na kirusi na wakaombwa waje kituoni kuangaliwa. Walikuja 33. Arobaini hawakuja, na hao si watu wasiojulikana: jina lipo, nyumba ipo, majibu yapo.

Kwa hiyo anayepanga siku ya upimaji kwenye parishi yake, yaani vijiji vyake kadhaa, awe nesi wa kituo cha afya cha ngazi ya tatu, awe VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, au mweka hazina wa kikundi cha akina mama, asianze na vijiti. Aanze na siku ya tiba, ile ambayo wenye kirusi wataangaliwa na kutibiwa. Iwe na tarehe, iwe na nesi aliyefunzwa, iwe na mashine iliyojaribiwa na nauli iliyokwisha kutengwa. Kisha arudi nyuma wiki tatu, hapo ndipo aweke siku ya kupima. Kupima wanawake 100 bila tarehe ya tiba ni kugawa hofu nyumba kwa nyumba.

Ugonjwa wenyewe unatoa nafasi ya kufanya hivi kwa utulivu. Tangu kirusi kikae mwilini hadi kansa itokee hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, hasa mwenye VVU asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Hata hivyo kansa hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu karibu wagonjwa wapya 7,000 na vifo zaidi ya 4,600 kwa mwaka mmoja. Ugonjwa unaotembea taratibu namna hiyo unaua kiasi hicho kwa sababu moja kubwa: unakutwa umeshafika mwisho.

Neno la kuanzia

Kwa Kiganda watu husema kookolo wa nabaana, na neno hilo likishatamkwa mlangoni mazungumzo yamekwisha. Masikio yanasikia msiba. VHT anayejua kazi hatangulizi kansa. Anasema: kuna kirusi kinachokaa kwenye mlango wa kizazi, wanawake wengi hukipata, wengi mwili wenyewe hukiondoa, na wachache kinabaki miaka mingi na kuharibu. Tunamtafuta huyo ambaye kimebaki, tumtibu kabla hakijaharibu. Maneno haya yasemwe kabla ya kipimo. Mwanamke aliyeyasikia mapema akipata majibu mabaya anauliza nije lini. Asiyeyasikia anaanza kugawa mashamba.

Msaidizi ambaye mipango mingi humsahau ni senga, yaani shangazi, dada wa baba. Katika nyumba nyingi za Buganda na jirani zake ndiye aliyemfundisha binti mambo ya mwili, kwa hiyo kuzungumza naye kuhusu sehemu za siri si aibu. Senga wawili waliojipima wenyewe asubuhi hiyo wanafanya kazi kuliko spika iliyofungwa juu ya gari.

Kijiti

Wanaolengwa kwanza ni wa miaka 30 hadi 49, na wenye VVU kuanzia 25. Mwenye mimba asubiri, na mwenye hedhi nzito pia. Mwanamke wa miaka 22 asiye na VVU akikuomba umpime, mweleze kwa upole kwamba kipimo kitamsumbua bure: umri huo kirusi ni cha kawaida mno na kwa wengi kitaondoka.

Maelezo ya kujipima yatolewe kwa mikono, si kwa karatasi tu. Anawe mikono kwa sabuni. Afungue kijiti bila kugusa upande wa pamba au brashi. Kikianguka chini kitupwe, apewe kingine. Achuchumae, au asimame mguu mmoja juu ya kigoda, vile anavyozoea. Aingize ukeni taratibu kiasi cha urefu wa kidole cha kati, aache kikikutana na ukinzani. Akizungushe polepole akihesabu hadi 20, akitoe, akitie moja kwa moja kwenye kichupa, akorogee ndani kama anayekoroga sukari kwenye chai. Kisha kifuniko kikazwe. Hofu ya kwanza utakayosikia ni kwamba kijiti kitapotelea tumboni. Mweleze kwamba njia ile ina mwisho, hakina pa kwenda. Ya pili ni kwamba atakosea, kwa kuwa yeye si nesi. Kwa kipimo hiki cha HPV sampuli aliyojichukulia mwenyewe inakaribia sana ile ya nesi. Kwa kipimo cha siki hilo haliwezekani kabisa, na ndiyo maana kijiti kimeleta mabadiliko makubwa.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni jina. Kila mama wa mapacha wa kike wa Kiganda ana Babirye na Nakato, kwa hiyo orodha ya kijiji kimoja inaweza kuwa na Nakato wanne, wawili wenye umri uleule. Andika namba moja mahali patatu: kwenye kichupa, kwenye rejesta na kwenye kikaratasi anachobaki nacho mwanamke. Na uandike kwa penseli, au utumie stika zilizochapwa. Maji ya kuhifadhia sampuli yana methanoli, spiriti inayowaka na yenye sumu. Tone moja likivuja, wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka na namba inakwenda nayo. Kwa sababu hiyohiyo vichupa visikae karibu na jiko wala mahali watoto wanapofika.

Sampuli iliyo kwenye maji hayo haihitaji friji, ilimradi joto lisipite nyuzi 30. Mbarara hilo ni jambo dogo. Arua au Moroto mwezi wa pili si dogo: sanduku la plastiki nyuma ya bodaboda juani linapita hapo mapema sana. Beba kwenye kikasha cha chanjo kisicho na barafu, kivulini.

Kusoma sampuli, vituo vingi hutegemea mashine ya maabara iitwayo GeneXpert, ambayo Uganda ilienezwa kwa ajili ya kifua kikuu. Kuwa nayo ni bahati, lakini ina wenyewe tayari. Yenye vyumba vinne hupima sampuli nne kwa mara moja, na kipimo cha HPV huchukua saa moja hivi. Ukiachiwa mchana tu, baada ya makohozi ya asubuhi, utapata raundi tatu au nne, sampuli 12 hadi 16 kwa siku. Wanawake 100 ni wiki nzima na ziada, umeme ukiwepo. Umeme ukikatika katikati ya raundi, katriji nne, vile vikasha vinavyobeba sampuli, zimepotea, na katriji si vitu vya kupoteza. Kwa hiyo zungumza na mtu wa maabara kabla ya kutangaza chochote kanisani au msikitini, na usiahidi majibu ya siku hiyohiyo.

Majibu yenyewe yana daraja. Mashine hutenganisha aina ya 16, halafu 18 pamoja na 45, halafu nyingine zote. Aina ya 16 ndiyo yenye hatari zaidi. Kama nauli ya kuwafuata haitoshi wote, hao wafuatwe kwanza. Likitoka jibu la "si halali", maana yake mara nyingi ni kwamba chembe za mwili hazikutosha kwenye kijiti. Hilo si jibu zuri wala baya, ni la kurudia.

Wiki mbili za kimya

Hapa ndipo wale arobaini wa Kisenyi walipo. Nimewahi kuona mipango yenye bajeti ya fulana na mahema, lakini isiyo na shilingi ya muda wa maongezi kwa VHT. Simu ni ya familia, au namba ni ya mume, au laini ilizimwa. Kwa hiyo siku ya kijiti chukua namba mbili, na uulize swali ambalo fomu nyingi hazina: nikikukosa, nimuulize nani jirani ambaye hutaudhika akijua? Afadhali jibu la hilo kuliko namba tano za simu.

Usitume majibu kwa ujumbe wa maandishi. Neno HPV kwenye simu ya mume linasomeka kama umalaya, na lisipoeleweka linasomeka kama HIV. Herufi ni tatu, mbili zinafanana. Kubalianeni neno mapema. "Kikao cha Jumanne kipo" linatosha kumwambia aje au apige simu.

Uso kwa uso ni bora. Namna ya kusema ina uzito. VHT anafika, anasalimia nyumba nzima, anauliza habari za mvua na za muhogo, kisha: "Mama Wasswa, nimekuletea neno lako. Tukae wapi?" Anamwacha mwenyewe achague mahali. Halafu kwa mfululizo mmoja: "Kile kirusi tulichokisema kimeonekana kwako. Si kansa. Tiba yake ni siku moja, haina kulazwa, na ni Alhamisi ya tarehe 14 pale kituoni. Nauli yako utapewa ukifika, mkononi." Sentensi hizo nne zisikatwe katikati. Ukisema ya kwanza ukanyamaza, ya pili haisikiki tena.

Nauli mkononi, siyo kwenye simu baadaye. Ahadi ya kurudishiwa pesa ni mkopo ambao maskini anampa mradi. Kama bajeti ni ndogo, bodaboda mmoja wa kijiji akodiwe siku nzima awalete kwa zamu. Bei hushuka, na mwanamke hajibu maswali ya njiani peke yake.

Tarehe pia ina adui wake. Siku ya soko mwuza nyanya haachi meza, ingawa kujipima kwa kijiti sokoni kunawezekana kabisa kukiwa na choo safi. Mvua za mwezi wa tatu hadi wa tano, shamba linamwita. Wenye VVU wana tarehe zao za kuchukua dawa kwenye kliniki ya ART, yaani ya dawa za VVU. Kuwaita siku nyingine ni kuwatoza nauli mara mbili bila sababu. Wapimwe na watibiwe siku hizo.

Meza ya tiba

Ukipima 100 kwa kiwango cha Kisenyi, tarajia karibu 30 wenye kirusi. Kila mmoja mezani, pamoja na mazungumzo, ni dakika 15 hadi 20. Nesi mmoja hawezi kuwamaliza kwa siku. Panga meza mbili au siku mbili. Spekulamu, vyuma vya kufungulia njia ili mlango uonekane, ziwe 15 angalau na mtu wa kuziingiza kwenye mashine ya mvuke bila kukoma, la sivyo saa nne asubuhi wanawake wanakaa kwenye benchi wakingoja chuma kipoe, na saa saba nusu yao wameondoka kupika.

Asidi ya siki ya kupaka iwe ya asilimia 3 hadi 5. Anayechanganya kutoka kwenye asidi kali achukue mililita 5 kwa mililita 95 za maji yaliyotoneshwa, aandike tarehe kwenye chupa na amwage kinachobaki jioni. Asidi isiyochanganywa inaunguza. Chupa mbili zinazofanana kwenye rafu moja ni ajali inayosubiri siku yake. Siki ya dukani isome lebo kwanza. Isiyoandikwa asilimia iachwe kwa kachumbari. Ukishapaka, subiri dakika nzima kwa saa, si kwa kukisia. Kosa la kawaida la mwanagenzi ni kuangalia baada ya sekunde 20, haoni weupe, anaandika "salama". Kosa la pili ni taa. Tochi ya simu inayumba na ina rangi yake; taa ya kichwa ya bei nafuu inafaa zaidi.

Kwa mwanamke mwenye kirusi, siki inatumika hasa kuamua kama tiba ya joto, yaani kuunguza eneo lililoharibika, inamfaa. Inamfaa ikiwa eneo lote la kutibiwa linaonekana, halijaingia ndani ya njia ya kizazi, halijazidi robo tatu ya uso wa mlango, na hakuna dalili ya kansa. Aliyepita miaka 50 mara nyingi eneo limeshapanda ndani na halionekani. Huyo asilazimishwe, apelekwe kwa daktari anayekata kwa waya wa umeme.

Kifaa cha tiba ya joto kinashikwa mkononi, kinatumia betri, na ncha yake hufika nyuzi 100. Kinawekwa sekunde 20 hadi 30, na kurudiwa pembeni kama eneo ni kubwa. Kabla ya hapo wengi walitegemea kugandisha kwa gesi: dakika tatu kugandisha, tano kuachia, tatu tena, na mtungi mzito ambao kuujaza ni safari ya mjini. Betri imeondoa mzigo huo, ikaleta mmoja mdogo, kwamba lazima mtu aichaji jana yake na aijaribu. Ncha ziwe nne au zaidi, kwa kuwa kila moja ikitoka inaoshwa kwa sabuni na kuchemshwa dakika 20. Klorini huzila.

Maumivu ni kama ya hedhi, hupita haraka. Kinachomsumbua mwanamke ni kinachofuata: majimaji hadi wiki nne, na wiki hizo nne bila tendo la ndoa, au kwa kondomu asipoweza. Ukiuliza kwa nini mtu hakuja siku ya tiba, chimba kidogo, utaikuta hiyo. Hakuogopa kifaa, aliogopa mazungumzo ya nyumbani. Wanaume waambiwe mapema, kwenye kikao cha LC1, yaani baraza la kijiji, na waambiwe muda: wiki nne, tarehe hii hadi tarehe hii. Mume aliyetajiwa tarehe anahesabu siku. Aliyeambiwa "kwa muda" anashuku. Na nesi aweke kondomu kwenye mfuko bila kuuliza.

Arudi haraka akipata homa zaidi ya siku mbili, maumivu makali chini ya kitovu, uchafu wenye usaha na harufu, au damu ya mabonge kuliko hedhi yake kubwa. Akiwa salama, arudi baada ya miezi 12.

Wale ambao joto haliwafai

Katika kila siku ya namna hii kuna uwezekano wa kumkuta mmoja anayetoka damu baada ya tendo, au aliyekoma hedhi kisha damu ikarudi, na mlangoni kuna uvimbe kama koliflawa. Huyo haguswi kwa joto. Anachukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe na nesi au daktari anayejua, kikachunguzwe, na kichupa chake kiwe na fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kipande hicho. Sampuli iliyosafirishwa kwenye maji ya chumvi inaoza njiani, na mwezi mmoja wa maisha ya mtu umekwenda.

Kisha inakuja safari ndefu kuliko zote. Taasisi ya Kansa ya Uganda ipo Mulago tangu mwaka 1967, na kwa miaka mingi mionzi ya nchi nzima ilitegemea mashine moja pale. Mashine hiyo, iliyotumika tangu 1995, iliharibika mwaka 2016, na nyingine ilizinduliwa Januari 2018. Sasa mashine ni zaidi ya moja, lakini kwa wa mbali safari bado ni ndefu. Mionzi ya kansa hii kwa kawaida ni siku 25 za matibabu kwa wiki tano, pamoja na dawa ya mishipani mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani. Yote yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane. Mama wa Koboko anahitaji kitanda, chakula na mtu wa kumsindikiza Kampala kwa miezi miwili. Mtu anayeacha katikati mara nyingi hakuishiwa moyo, aliishiwa kodi ya chumba. Kikundi cha kijiji kinachotaka kusaidia kichange kwa ajili ya hilo: chumba na posho ya wiki nane, zilipwe wiki kwa wiki, na mtu wa kulima shamba lake asipokuwepo. Mchango wa siku ya kumsindikiza hadi kituo cha basi ni mzuri, ila unaisha Luweero, kabla Kampala haijafikiwa.

Aliyechelewa mno naye ana haki ya kulala usingizi. Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, na tangu 2004 sheria inawaruhusu manesi waliofunzwa kuandika mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Hutolewa bure na kunywewa kila baada ya saa nne, dozi ya usiku huongezwa maradufu ili mtu asiamshwe, na dawa ya kulainisha choo huenda nayo tangu siku ya kwanza. Familia zikisema mofini ni ya wanaokufa, wajibiwe kwamba ni ya wanaoumwa.

Nyumba ambayo VHT ameingia mara tatu kwa ajili ya mama, huenda ina binti wa miaka 10. Chanjo ya HPV ilijaribiwa Ibanda na Nakasongola kuanzia 2008 na ikawa ya taifa mwaka 2015. Ibanda walichanja kwa darasa, Nakasongola kwa umri, na darasa lilifikia wengi zaidi. Kujua nani yuko darasa la tano ni rahisi kuliko kujua nani amezaliwa lini. Lakini darasa humwacha binti asiyesoma, yule anayelea mtoto wa dada yake hapo uani. VHT amwandike kwenye ukurasa wa nyuma wa rejesta ileile, jina, kijiji na mwezi wa chanjo, kisha afungue mbele kwenye safu ya mwisho, ile ya "amekuja?", aone nani bado yuko wazi, na ampangie siku ya kumfuata.